Kufuli ulilotuachia

Katuba, Lubumbashi

Ndugu yangu,

Jambo sana wewe na mama watoto. Sisi huku tuko, delestaji, ule mgao wa umeme, ni ile ile. Nina kesi na wewe, ndiyo maana naandika.

Unaikumbuka kompyuta ya sekretariati, duka langu la kuchapa kazi, ile yenye mfumo wa Debian 12 tuliyoiweka pamoja? Majuzi umeme ulirudi kwa nguvu ukaunguza ruta, kile kisanduku cha intaneti. Wanafunzi walikuwa mlangoni wakisubiri TFC zao, zile kazi za kumaliza masomo, zichapwe, sikuweza kungoja ruta nyingine. Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikatumia mega zangu za intaneti. Nikaandika apt update, amri ya kutafuta visasisho. Jibu: jina deb.debian.org, seva ya Debian, halitambulikani.

Nikalaumu mtandao. Nikanunua mega nyingine, nikabadilisha laini, nikapanda hadi juu ya kiti na simu mkononi, wateja wakinicheka. Siku mbili nzima. Jioni ya pili, bukari (ugali) ikiwa imeshuka vizuri na kichwa kimetulia, ndipo nikafanya la kuanzia, kuita seva ya nje kwa namba bila jina: ping 1.1.1.1. Ikajibu papo hapo. ip route nayo ikaonyesha njia moja tu ya kutokea, ya simu. Basi barabara ilikuwa wazi, aliyekosekana ni wa kuulizwa majina. Nikafungua /etc/resolv.conf, faili inayotaja wa kuulizwa majina, nikakuta mstari mmoja: nameserver 192.168.1.1. Anwani ya ruta! Mashine ilikuwa inamwuliza marehemu njia.

Nikataka kusahihisha, mfumo ukakataa: huna ruhusa. Nami nimeingia kama root, mwenye mamlaka yote! Nikajaribu kuihariri kwa nano, nikajaribu hata kuifuta kwa rm, wapi. Nikadhani diski imekufa. Ni lsattr iliyonionyesha herufi i, alama ya faili iliyofungwa, imekaa kando ya jina la faili. Hapo nikakukumbuka, nikacheka peke yangu, halafu nikakutukana kidogo. Ilikuwa chattr +i yako, amri ya kufunga faili isibadilishwe. Wakati ule DHCP, inayopanga mtandao yenyewe, ilikuwa inafuta kila anwani niliyoiandika, ukasema tuifunge faili tu, mambo yaishe. Tukaifunga, ukapanda ndege kurudi Bukavu, na ufunguo ukaondoka nao kichwani. Kumbe kila nilipochomeka simu ilikuwa inaleta anwani yake ya DNS, yaani ya wa kuulizwa majina, ila mlango wa kuiandika umefungwa.

Nikaandika chattr -i kuifungua, nikachomoa waya, nikachomeka tena. getent hosts deb.debian.org ikaleta namba.

Usifikiri yaliishia hapo. apt sasa ikasema faili ya Release, yenye tarehe ya orodha ya visasisho, upande wa usalama haijaanza kutumika, siku yake haijafika. Nikatazama saa: iko nyuma siku tatu. Betri ya CR2032 kwenye ubao imekwisha, na systemd-timesyncd, ambayo ndiyo hurekebisha saa kupitia mtandao, nayo ilikuwa haioni majina ya seva zake. Nikaiwasha upya, saa ikakaa sawa. Nikagundua pia kwamba tangu siku ya kwanza mashine inafuata Africa/Kinshasa, yaani saa moja nyuma yetu. apt haijali, inahesabu kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, lakini risiti za wateja zilikuwa zinadanganya muda wote huo! Nimeweka Africa/Lubumbashi.

Visasisho nilivishusha usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Mzigo ulikuwa mkubwa, na mashine ziko tatu. Kila moja ikishusha wa kwake nitafunga duka. Uliwahi kunieleza apt-cacher-ng, kwamba mashine moja inashusha na kuhifadhi, nyingine zinachota kwake kupitia mlango wa mtandao (port) 3142. Niandikie ulivyoipanga kwako, hasa ule mstari wa kuweka ndani ya /etc/apt/apt.conf.d, na hizo nyingine zinafanya nini siku yule mkubwa amezimika.

Na kama kuna kitu cha kufunga, safari hii kiandike kwenye karatasi. Nitaibandika nyuma ya mashine.

Nisalimie watoto.

Ni mimi, wa sekretariati