Fundi, kabla hujagusa skrubu ya pampu ya mafuta funga kwanza geji ya joto la moshi

Ndugu Mhariri,

Salaam aleikum. Mimi ni msomaji wako wa hapa Tanga, nakaa Makorora, kazi yangu mizigo ya pikapu, nikipanda Lushoto napakia saruji nikishuka napakia kabichi na karoti. Naomba nafasi niseme na mafundi wetu na wenzangu wenye magari ya zamani ya dizeli kuhusu hii habari ya kubadilisha tabo (turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa), maana sasa hivi kila gereji ukipita unaambiwa "tukufungie tabo kubwa mzee, gari itapaa", watu wanafunga, halafu injini zinakufa mlimani na hakuna anayesema kwanini.

Gari yangu ni Hilux ya zamani, imefungwa injini ya dizeli ya 2L-T, ukubwa wake sisi (cc) 2446, iliyotolewa kwenye Toyota Surf. Tabo yake ya asili ni CT20, ndogo, na ilikuwa imechoka kweli, shafti ina mchezo, oili inavuja mpaka kwenye mpira wa hewa. Nikaenda gereji moja, jina naliacha, fundi akaniambia achana na hiki kitoto, kuna CT26 hapa imetoka kwenye Land Cruiser ya silinda sita, ile 1HD-T, hiyo ndo tabo. Flenji hazikuingiliana wakachomelea adapta, wakafunga, kisha akafungua skrubu ya mafuta kwenye pampu, robo, akapiga resi, robo tena, mpaka moshi ukawa mweusi, akasema hapo sasa inakula vizuri.

Na barabarani ilikimbia jamani siwezi kukataa, toka Pongwe mpaka Segera nilikuwa napita Fuso kama zimepaki. Nilikuwa na mtoto wa dada yangu na mifuko 20 ya saruji, yaani tani moja kamili, tukapita Korogwe, tukafika Mombo tukanywa chai tukaanza kupanda. Anayeijua ile barabara anajua, kilomita thelathini na kitu ni kona na mlima, uko gia ya pili muda wote na injini haichanganyi. Basi pale ndo nguvu zikakata. Kijana akaniambia mjomba mbona inavuta kama haina tabo, na mimi nazidi kukanyaga, nyuma moshi mweusi mpaka wa pikipiki wanasimama pembeni, naangalia geji ya maji mshale uko katikati pale pale, nikasema maadam maji hayajachemka twende. Hatujafika Soni injini ikaanza kugonga, nguvu ikaisha kabisa, nikasimama, rejeta ikawa inatapika maji yenye povu. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepasuka, na tulipofungua pistoni ya tatu ukingo wake wa juu umeyeyuka kama mshumaa. Hela ya mizigo ya miezi minne ikaenda hapo.

Nimeumia ndo maana nikakaa kuuliza na kusoma mpaka nikaelewa, na naomba nieleze kwa sababu naona wengi hatuambiwi. Tabo haitengenezi nguvu, inasukuma hewa tu. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya upande mmoja, shafti hiyo hiyo inazungusha feni ya upande wa pili inayoshindilia hewa kwenye silinda, ndo wazo ambalo mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi aliliandikia hataza mwaka 1905 na halijabadilika. Sasa ile CT26 niliyofungiwa ilipangwa kwa moshi wa injini ya sisi 4164 yenye silinda sita, wewe unaiweka kwenye sisi 2446 silinda nne halafu unapanda mlima injini ikiwa mizunguko 1,800 au 2,000 kwa dakika, moshi wa kuizungusha unautoa wapi? Barabara tambarare ukiwa mizunguko 3,500 inaamka, ndo maana nilidanganyika Segera, ila mlimani na mzigo ilikuwa imelala na mafuta yanamwagika.

Na hapo kwenye mafuta ndo pabaya zaidi. Pampu ya mafuta ya 2L-T ina diafragimu, kama utando hivi, juu yake, inasikia presha ya hewa toka kwenye tabo, hewa ikiongezeka na yenyewe inaongeza mafuta, hewa ikiwa haipo inabana. Ukifungua skrubu kubwa ya mafuta ovyo umeshaharibu ule mpango, mafuta yanakuja mengi hata kama tabo imelala. Kuna mafundi wamezoea petroli, kwenye petroli mafuta yakipungua ndo injini inachemka, wanadhani na dizeli ni hivo hivo, kumbe dizeli ni kinyume, ukizidisha mafuta kuliko hewa joto ndani linapanda sana. Alumini safi inayeyuka nyuzi 660, na pistoni zetu ni za mchanganyiko wa alumini unaoanza kulegea hata kabla ya hapo, kinachoziokoa ni kwamba zinapozwa na oili na kuta za silinda muda wote, ukizidisha joto dakika kumi mfululizo mlimani hakuna cha kuziokoa tena. Geji ya maji haikwambii kitu, joto la moshi linapanda kwa sekunde, maji yanakuja kujua mambo yameshaharibika.

Mzee mmoja fundi wa Ngamiani ndo alinitengenezea baadae, na alichofanya cha kwanza kabla ya tabo yenyewe ni kutoboa manifodi ya moshi, lile bomba la kukusanya moshi wa silinda, kabla ya tabo na kufunga kipima joto, waya ukaja mpaka kwenye dashibodi. Akasisitiza kabla ya tabo, kwa sababu ukifunga baada yake ukiwa na mzigo unasoma nyuzi mia au zaidi pungufu ukadhani uko salama. Akarudisha CT20 ile ile ila akabadilisha kati yake yote mpya, shafti na bushi, akaniambia hii inaamka mapema na wewe ni mtu wa mzigo sio mtu wa mashindano. Bomba la moshi akaweka la inchi mbili na nusu moja kwa moja lisibane. Akafunga na intakula, yaani kipoza hewa, ya mtumba mbele ya rejeta, maana hewa ikishindiliwa mara mbili inapita nyuzi 100 na hewa ya moto ni nyepesi, ukiipoza unapata hewa nyingi zaidi na injini inapumua baridi. Pampu akaigusa mwisho kabisa, gari imepakiwa, tunapanda kweli, yeye kakaa pembeni anaangalia mshale.

Sasa napanda Soni na tani ile ile gia ya pili, mshale unacheza 650, ukigusa 700 nalegeza mguu au nashuka gia, moshi hauonekani. Haikimbii kama siku ile ya Segera na wala sitaki. Kwa sisi wa huku tabo ni kitu cha maana, ukifika Lushoto juu kule mita kama 1,400 hewa imepungua karibu asilimia 15 kuliko hapa pwani, gari isiyo na tabo unaisikia inavyohema, kwa hiyo sisemi watu wasifunge.

Ninachoomba ni hiki. Fundi ukiletewa gari la mzigo muulize mwenyewe anapanda wapi, na mzigo gani, kwa gia gani, kabla hujamwonyesha tabo, na usimfungulie mafuta mteja ambaye hana geji ya joto la moshi hata akikubembeleza. Na wewe mwenye gari usikubali, hiyo geji bei yake haifiki hata robo ya silinda hedi. Halafu chuo cha ufundi cha VETA si tunacho hapa hapa Tanga, naomba walimu wa magari wafikirie kozi fupi ya jioni kwa mafundi wa mtaani, wiki mbili tu za tabo na pampu za dizeli, vijana wetu wana mikono mizuri sana hawajapata wa kuwaonyesha. Mimi ile pistoni iliyoyeyuka na hedi iliyopasuka nimevitunza nyumbani, wakivitaka vya kufundishia nitavipeleka mwenyewe bure, na pikapu nitaileta waione geji ilivyofungwa.

Ni mimi msomaji wako,
Dereva wa pikapu,
Makorora, Tanga.