Waathirika wa majanga wapewe hela, sio viroba vya nguo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Likitokea tetemeko au mafuriko makubwa tu, watu wanakimbilia kabatini kutoa nguo ambazo hawazivai tena, na nia ni njema kabisa, kwenye hilo sina ubishi. Ila mimi nilishajitolea kwenye ghala la misaada, wiki mbili kazi yetu ilikuwa kufungua viroba na kuchambua, unakutana na kiatu cha mguu mmoja, sweta lina ukungu, dawa zimeshaekspaya, na hapo nje akina mama wamepanga foleni wanaulizia pedi na sufuria, hamna. Mama mmoja alinionyesha kadi ya kliniki ya mwanae, imelowa mpaka maandishi yamefutika, akaniambia "mwanangu, nguo ninazo hizi nilizovaa, mimi nataka hela nimpeleke huyu hospitali." Nilikosa la kumjibu.

Na sio kwetu tu. Baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004 iliyoua watu zaidi ya laki mbili, kule Aceh, Indonesia, zilimwagwa dawa tani kama 4,000, nyingi hakuna aliyeziomba, lebo nyingine zimeandikwa lugha ambayo wauguzi hawaielewi, mwisho wa siku ikabidi itafutwe hela nyingine ya kuziteketeza. Hela ya kuchoma msaada!

Aliyepoteza nyumba anajua anachokosa kuliko mimi niliyekaa mbali. Leo shida yake ni bati, jirani yake anataka nauli awafuate ndugu, mwingine anahitaji mbegu kabla msimu haujampita. Mkimpa hela ananunua kwa muuza duka wa palepale ambaye naye kaathirika, duka linasimama tena. Wanaosema hiyo hela wataimalizia kwenye pombe, jamani, hivi mtu anayelala na watoto chini ya turubai mnamuonaje?

Najua kuna vitu hela haiviwezi. Kama soko zima limezama, noti utaipeleka wapi? Beira, Msumbiji, baada ya kimbunga Idai Machi 2019, kipindupindu kiliingia ndani ya wiki mbili tu, pale ilitakiwa klorini, vyoo na chanjo, na kambini kiwango kinachokubalika ni angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Hizo ni kazi za wataalamu, waachiwe wafanye, na magari yao yasizibiwe njia na malori ya mitumba.

Ombi langu kwako mhariri ni hili: likitokea janga, badala ya picha za marundo ya nguo chapisheni namba za kuchangia hela, halafu miezi sita baadaye mrudi kwa walewale mkawaulize walipata nini mkononi.

Ni mimi msomaji wenu.