Kaka, hiyo kazi ya umeneja ichukue

Mambo vipi kaka,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Kwamba timu imekuita uwe meneja na we unasita, eti mtu alieacha mbio kwa ajili ya goti atawaambia nini vijana. Hapo umenigusa kweli, manake mimi nikisikia neno goti kwenye baiskeli namkumbuka Mfaransa mmoja, Cyrille Guimard, na leo lazima nikusimulie.

Tour de France ya 1972, yale mashindano ya baiskeli ya wiki 3 Ufaransa, huyu jamaa alimsumbua kwelikweli Eddy Merckx, Mbelgiji aliekuwa mkali kuliko wote enzi hizo, alishinda hatua 4, yani mbio za siku 4, jezi ya njano ya anaeongoza aliivaa, na pale kwenye mlima wa Mont Revard Merckx alishanyanyua mkono kushangilia Guimard akampitia palepale kwenye mstari. Ila magoti yalikuwa yanamuuma vibaya, zimebaki siku 2 tu kufika Paris akashindwa kabisa, akashuka kwenye baiskeli akiwa nafasi ya pili na jezi ya kijani, ile ya anaeongoza kwa pointi, ni yake. Mbio zilipoisha Merckx alimpa ile jezi ya kijani. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza kwanza.

Sasa sikia, 1976 ana miaka 29, Januari ametoka kuchukua ubingwa wa Ufaransa wa saiklokrosi, zile mbio za baiskeli za kwenye matope, mwaka huohuo yuko kwenye gari la timu ya Gitane kama meneja, anawaongoza watu aliokuwa anashindana nao juzijuzi tu. Mpanda milima wake ni Lucien Van Impe, Mbelgiji, mtu alieridhika na tuzo ya milima basi. Kwenye Tour ya mwaka huo, siku ya kupanda mlimani kwenda Saint-Lary-Soulan Guimard akaona mlango uko wazi, Luis Ocaña wa timu nyingine ashatangulia mbele, akamwambia Van Impe shambulia sasa hivi, Van Impe anasitasita, enzi hizo hakuna cha redio sikioni, ikabidi asogeze gari hadi ubavuni kwake amwamrishe. Van Impe akaenda, mpinzani wake Joop Zoetemelk akabaki nyuma, na Tour ikaamuliwa siku ile. Ndo Tour pekee Van Impe alioshinda maishani.

Lakini kaka kinachonifanya nimheshimu sio kule kuamrisha, ni kule kuzuia. 1977 ana kijana wa miaka 22, Bernard Hinault, msimu huohuo kashinda mbio kubwa mbili, Liège-Bastogne-Liège na Dauphiné, kila mtu anataka kumuona kwenye Tour, Guimard akasema hapana, bado. Mwaka uliofata akampeleka, akashinda mara ya kwanza tu kushiriki, na akiwa na Guimard akachukua zingine 1979, 1981 na 1982. Ile ya 1980 ndo Hinault alijitoa akaondoka usiku mjini Pau, jezi ya njano ni yake, kisa goti! Fikiria meneja wake ni nani. Ni mtu aliepitia kitu kilekile miaka 8 nyuma, na naamini kabisa hapakuwa na mtu mwingine pale wa kumuelewa vile.

Sikufichi lakini, kazi hii inauma pia. 1983 goti lilimsumbua tena Hinault, Laurent Fignon, kijana mwingine wa Guimard, akashinda Tour akiwa na miaka 22, Hinault akagombana na Guimard akahamia timu nyingine, na 1984 Fignon akampiga kwa zaidi ya dakika 10. Hizo ni Tour 7 za Guimard kama meneja, kwa waendeshaji 3 tofauti. Halafu 1989, siku ya mwisho, Fignon anaongoza kwa sekunde 50 zimebaki kilomita 24.5 za kukimbia na saa, kila mtu peke yake, akapoteza Tour kwa sekunde 8, na aliemshinda ni Greg LeMond, kijana ambae Guimard mwenyewe ndo alimtoa Marekani akampa mkataba wake wa kwanza. Utalea watu kaka, na wengine watarudi kukushinda, hilo ujiandae nalo mapema.

Kwa hiyo ukisema huna cha kuwaambia mi nakataa. We unajua maumivu ya kawaida na yale ya kukufanya ushuke uache mbio yanatofautiana vipi, kijana akikwambia niko sawa utamuangalia anavyopiga pedeli utajua. Ukikubali, mwaka wa kwanza kaa na yule dogo wenu wa milima, usimkimbize kwenye mbio za wiki 3 hata kama wadhamini wanasukuma.

Mkutano wenu ni lini? Na goti linaendeleaje, ngazi unapanda vizuri sasa? Niandikie.

Rafiki yako.