Jina la faili libebe tarehe na saa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenzangu ambao kompyuta zao hufanya kazi wakati wao wamelala. Mimi ni karani wa stoo. Kompyuta sikuisomea, skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe, nilijifunza ukubwani kwa kuchoka kujumlisha kwa mkono. Yangu ina mistari kumi na mmoja tu. Kila usiku saa nane hukokotoa bakaa ya bidhaa na kuandika matokeo kwenye faili, na kwa miaka miwili faili hilo liliitwa bakaa.txt.

Siku moja mkaguzi aliketi mbele yangu akauliza bakaa ya Jumanne ya wiki iliyopita. Nikafungua faili. Mlikuwa na hesabu ya usiku wa kuamkia siku ile ya ukaguzi, basi. Kila usiku ulikuwa umeufuta uliotangulia, na mfutaji ni alama moja, >, ambayo hupeleka matokeo kwenye faili lakini humwaga kilichomo kabla hata skripti haijaandika neno. Yaani skripti ikikwama, asubuhi unakuta faili tupu, na hesabu ya jana nayo imekwenda. Mkaguzi hakunigombeza. Aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akafunga kalamu.

Wapo watakaosema nitumie >> ili hesabu ziongezeke chini. Nilijaribu. Baada ya miezi michache sikujua siku ipi inaishia wapi.

Sasa kila usiku una faili lake: bakaa_2024-03-14_020001.txt. Mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Hapa ndipo ninapobishana na watu, maana mkono umezoea kuanza na siku. Lakini kompyuta hupanga majina kutoka kushoto, herufi kwa herufi. Ukianza na siku, tarehe mosi za miezi yote zitajazana mahali pamoja; ukianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe kama siku zilivyofuatana. Mpangilio huu umo katika kiwango cha kimataifa, ISO 8601, tangu 1988, kwa hiyo si ukaidi wangu. Na sifuri ya 03 isiachwe, la sivyo mwezi wa 10 utautangulia wa 3. Saa (020001 ni saa 02, dakika 00, sekunde 01) nimeiandika bila nukta mbili kwa sababu Windows haizikubali katika jina la faili.

Kuteleza niliteleza. Katika amri ya date, inayotoa tarehe na saa, %m ni mwezi na %M ni dakika. Nilipoijaribu jioni nilipata faili la mwezi wa 47! Nikarekebisha, nikaipeleka amri kwenye ratiba ya cron, programu inayoendesha amri kwa saa uliyoipangia, nikaenda kulala. Asubuhi hapakuwa na faili lolote. Kumbe cron ikiona alama ya asilimia huichukulia kuwa mwisho wa mstari, hivyo amri yangu ilikatwa shingo katikati. Unaweza kuitangulizia \ kila moja, ila mimi nilihamishia jina lote ndani ya skripti, na huko wakati husomwa mara moja tu mwanzoni na kuwekwa kwenye kigeu, yaani jina linalotunza thamani hiyo hadi mwisho. Ukiusoma upya kila unapoandika, sekunde ikigeuka kichwa cha ripoti kitakuwa faili moja na kiwiliwili lingine.

Jambo moja linatuhusu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Mwenzangu wa zamu aliambiwa achukue bakaa ya saa nane usiku, akatafuta 08, akaipata. Ilikuwa ile niliyoiendesha kwa mkono saa mbili asubuhi, mzigo ukiwa umeshaanza kutoka. Ya saa nane usiku ni 02. Nimeibandika karatasi ukutani yenye saa zote ishirini na nne, naye bado huniuliza.

Ni kweli mafaili yanajaa. Amri ya find yenye -mtime +90 huniokotea yaliyopita siku tisini, lakini siyafuti. Nayahamishia diski nyingine hadi ukaguzi upite.

Mkaguzi amesharudi. Safari hii alitaja tarehe tatu, nikamsomea zote kabla hajakaa vizuri. Ya pili ina upungufu wa katoni nne, na hizo ndizo tunazotafuta sasa.

Karani wa stoo