Taarifa ya Mwenyekiti wa Tawi kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Habari ya Picha ya Uchebe

Wazee wetu, kina mama wa jukwaani, vijana wa ngoma na wanachama wote wa tawi letu la Simba,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Nguvu moja!

Katiba ya tawi inamtaka mwenyekiti asimame mbele yenu kila mwisho wa mwaka aeleze tulikotoka. Mahesabu atayasoma mweka hazina baada yangu, sitamwingilia. Niseme tu kwamba mfuko wa rambirambi ulitosha misiba yote 3 iliyotufika, na kila tulipozika, bendera yetu ilikuwapo. Luninga mpya imefungwa. Paa upande wa choo bado linavuja, fundi ameshalipwa nusu na tunamfuatilia. Wanaodaiwa ada wanajijua, nawaomba wasisubiri kuitwa majina.

Kwa upande wa timu, hakuna asiyejua. Tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Berkane ya Morocco walitufunga 2-0 kwao tarehe 17 Mei, na marudiano ya tarehe 25 Mei pale Amaan, Zanzibar, yakaisha 1-1. Wenzetu waliovuka bahari kwenda kushangilia walirudi na boti ya asubuhi, wamekaa kimya na jezi zao mwilini, na niliwapokea bandarini mwenyewe. Mwezi Juni ubingwa wa ligi ukabaki kwa watani wetu Yanga. Septemba kocha wetu Fadlu Davids akaenda Raja Casablanca. Hayo yameshasemwa sana humu barazani.

Lililotutesa kama tawi mwaka huu ni jingine. Ni picha.

Mnaikumbuka. Ilikatwa gazetini Machi 2019, ikagandishwa kwenye kadibodi, fundi wetu wa samani akaitengenezea fremu ya mninga. Ilikuwa ya Patrick Aussems, kocha wetu wa zamani, Mbelgiji tuliyemwita Uchebe, amenyanyua ngumi mbili juu na mdomo wazi. Ilikaa juu ya mlango miaka 6, pembe moja imekunjwa na unyevu. Mwezi Aprili, tulipopaka rangi kujiandaa na nusu fainali, vijana waliishusha wakatundika ya Fadlu. Hawakuwa na nia mbaya, ukuta ni mmoja na kocha wa siku ile alikuwa Fadlu. Lakini mzee mmoja, mwenye kadi ya miaka mingi kuliko yeyote hapa, aliingia jioni, akatazama juu ya mlango, akageuka akaondoka bila kutoa salamu. Hakuja tena wiki 3.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wapo waliosema Uchebe hastahili hata msumari. Wapo waliosema asiyemtaka Uchebe aanzishe tawi lake. Kamati ikaona isiamue kwa haraka, ikaita vikao 3 vya jioni, kila mtu aseme alilonalo moyoni. Nilikaa vyote, nikaandika kwenye daftari, na nimeona ni haki yenu kusikia tulichosikia.

Waliompenda walianzia mbali. Walisema kijana wa leo anaona robo fainali ni jambo la kawaida, kwa sababu kuanzia msimu wa 2020/21 mpaka 2024/25 tulifika hatua hiyo au zaidi kila mwaka, iwe Ligi ya Mabingwa au Shirikisho. Lakini kabla ya Uchebe kuja Julai 2018, mara ya mwisho kukanyaga makundi ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa 2003, mwaka tuliomvua Zamalek ya Misri ubingwa wa Afrika. Miaka 15 tuliishi kwa hadithi ile moja. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaanza kazi, na bado tunawasimulia Zamalek.

Kisha wakaikumbuka mechi ya Nkana ya Zambia. Kitwe tulifungwa 2-1. Desemba 23, 2018, Uwanja wa Taifa, wageni wakatangulia kutufunga nyumbani kwetu. Tukasawazisha, tukapata la 2, na muda ukawa unayoyoma huku hesabu zikielekea kwenye matuta ya penalti. Clatous Chama akaugusa mpira kwa kisigino, ukaingia. 3-1. Mama mmoja wa tawi alisema kikaoni kwamba yeye aliliona goli lile kupitia kwapa la mtu, kwa sababu mzunguko mzima ulikuwa umesimama, na mpaka leo akifumba macho analiona kwapa lile.

Halafu Februari 12, Al Ahly ya Misri, goli 1-0 la Meddie Kagere. Siku 4 baadaye Kagere huyo huyo akawafunga watani 1-0. Na Machi 16, AS Vita ya Kongo. Tulikuwa tumetangulia kufungwa, Mohamed Hussein akasawazisha, na dakika ya 90 Chama akatupeleka robo fainali. Nilikuwapo. Nilipoteza kiatu cha kushoto nikarudi nyumbani kwa daladala nikiwa na kimoja, na hakuna aliyenishangaa, kwa sababu kondakta mwenyewe alikuwa analia. Baada ya filimbi Uchebe alikuja mbele ya jukwaa letu, akasimama, akatupungia kwa mikono yote miwili kama mtu anayewaaga ndugu zake kituoni. Nyumbani watu waliniuliza amesema nini. Hakusema kitu. Alikuwa na namna ya kutazama jukwaa ambayo kila mtu alihisi ametazamwa yeye.

Kikao cha pili kilikuwa cha wenye uchungu, na sikutaka mtu awakatishe. Januari 19, 2019, Kinshasa, Vita 5-0. Februari 2, Alexandria, Al Ahly 5-0, na zote 5 kabla ya mapumziko. Jioni ile banda letu lilijaa mpaka madirishani. Ilipofika mapumziko watu walitoka mmoja mmoja bila kuangaliana, viti vikabaki mtawanyiko, muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Nilipokwenda kuzima luninga nikamkuta yule mzee wetu bado amekaa peke yake, kofia magotini. Akaniambia, acha, bado timu yetu inacheza. Tukaangalia wawili kipindi cha pili chote. Kiliisha 0-0. Akasimama, akavaa kofia, akasema, nusu hii hatujafungwa.

Walikumbusha pia Mashujaa ya Kigoma, iliyotutoa Kombe la Shirikisho la nyumbani kwa 3-2 siku chache baada ya shangwe ya Nkana. Wakakumbusha Lubumbashi. Baada ya sare ya 0-0 hapa Dar es Salaam, Emmanuel Okwi alitutanguliza mapema kule, na bado tukarudi tumefungwa 4-1 na TP Mazembe. Wakamtaja Masoud Djuma, Mrundi, msaidizi wake, ambaye wengi humu walimpenda kwa dhati na ambaye aliondoka Oktoba 2018. Wapo ambao moyo wao uliondoka naye, na hawakuupeleka kwa Uchebe hata siku tulipomfunga Al Ahly. Sikujua kwamba jeraha lile lilikuwa bado bichi.

Kisha UD Songo ya Msumbiji. Hapa naomba nizungumze kama mimi, maana lile lilinipata mwenyewe.

Agosti 2019 tulitoka 0-0 Beira, tukaamini kazi imekwisha. Tulikuwa mabingwa wa nchi kwa pointi 93, Kagere alikuwa mfungaji bora kwa mabao 23, na wiki moja kabla tulikuwa tumewapiga Azam 4-2 kwenye Ngao ya Jamii. Tarehe 25 kina mama walipika pilau mapema, sufuria kubwa la shughuli, likafunikwa kwa sinia na makaa juu. Kijana mmoja, Luis Miquissone, akatufunga. Erasto Nyoni alisawazisha kwa penalti mwishoni, 1-1, na kwa goli la ugenini tukatoka mashindanoni kabla hata hayajaanza vizuri. Tulirudi hapa. Sufuria lilikuwa bado la moto. Hakuna aliyelifunua. Usiku saa 4 tuligawa pilau kwa majirani, wakiwamo watani, na walilipokea bila kututania, jambo ambalo silisahau. (Luis huyo huyo tulimsajili Januari iliyofuata, na Februari 2021 akamfunga Al Ahly kwa jezi yetu. Mpira una mambo yake.)

Nilimchukia Uchebe wiki nzima ile. Nilisema maneno ambayo leo nisingeyarudia mbele ya watoto. Kotei, Okwi na Niyonzima walikuwa wameondoka, Wabrazili wapya walikuwa hawajatulia, lakini sikutaka kusikia sababu. Mwisho wa Novemba klabu ilipoachana naye, habari ilitufikia kwa simu tukiwa hapa hapa. Baadhi walipiga makofi, nami nilikuwa mmojawao. Mama yule wa Nkana aliinuka akaenda kukaa nje.

Kikao cha tatu kijana wetu mmoja, mwanafunzi, alikuja na karatasi. Alikuwa amejumlisha mechi zote 12 za Ligi ya Mabingwa za msimu ule wa 2018/19, kuanzia Mbabane Swallows mpaka Mazembe. Nyumbani mechi 6, tumeshinda 5, sare 1, tumefungwa mabao 3 tu. Ugenini mechi 6, tumeshinda 1, tumepoteza 5, tumefungwa mabao 18. Kwenye makundi tulifuzu na pointi 9, nyuma ya Al Ahly mwenye 10, tukiwa tumefunga mabao 6 na kufungwa 13. Baraza lilinyamaza. Kila upande ulikuwa unatafuta namba za kuukandamiza mwenzake, na karatasi ile iliwapa wote.

Maoni yangu niliyatoa siku ile na nayarudia. Uchebe alikuwa mbishi. Kule ugenini alitakiwa kupaki basi, afunge mlango arudi na kufungwa 1 au 2, na hakufanya. Alicheza Alexandria kama anacheza Temeke. Lakini timu iliyofungwa 5 na Al Ahly ilikutana nao tena siku 10 baadaye, na ikaingia uwanjani bila woga wowote, ikawafunga. Sijaona kocha mwingine aliyeweza kuwainua wachezaji, na kutuinua sisi, kwa siku 10 namna ile. Ubishi uliotuumiza na ujasiri uliotuinua vilitoka kifua kimoja, na anayetaka kimoja bila kingine anamtaka mtu mwingine, hamtaki Uchebe. Hata ile mechi ya kirafiki na Sevilla, Mei 2019, alikuwa ni yeye mtupu: tuliwafunga 4, wakatufunga 5, na watu walitoka uwanjani wakicheka.

Baada yetu alikwenda Kenya. Ndugu zetu wa AFC Leopards walimkabidhi timu kipindi klabu yao imefungiwa kusajili, akaijenga kwa vijana. Mwaka jana alirudi nchini kwa Singida Black Stars na hakumaliza msimu. Kila alikopita ameacha watu wanaobishana kama sisi. Nadhani hilo nalo linasema kitu juu yake.

Lililoniumiza zaidi katika vikao vile ni swali la yule mzee, aliyerudi barazani siku ya mwisho. Aliuliza: nani kati yenu alimuaga? Tulitazamana. Mtu aliishi nasi miezi 16, akatupa ubingwa na robo fainali, akatupa na aibu ya Songo, na tawi zima hili halikumwandikia hata mstari mmoja wa kwaheri. Mgeni wa nyumbani kwako, hata mkigombana, unamsindikiza mpaka barabarani. Sisi tulimpigia makofi ya kuondoka kupitia simu. Kwa hiyo mpaka leo hatujui tumkumbuke vipi, maana hatukumalizana naye.

Kamati ikakubaliana mambo mawili. La kwanza tumeshaanza kulitekeleza. Kocha yeyote anayeondoka, kwa heri au kwa shari, tawi litamfanyia kikao cha kumuaga, lawama zisemwe na shukrani zisemwe, kisha ziandikwe daftarini na barua ipelekwe klabuni. Oktoba tulifanya cha Fadlu. Wenye hasira juu ya kuondoka kwake walizungumza kwa muda mrefu, na wenye kumshukuru kwa ile fainali walizungumza kwa muda mrefu zaidi, na tulipofunga kikao watu walikaa wakanywa kahawa pamoja.

La pili linahitaji kura yenu. Picha ya Uchebe kamati inapendekeza irudi ukutani, pembeni ya luninga, na ya Fadlu ibaki ilipo. Fundi ameisafisha fremu na kunyoosha ile pembe iliyokunjwa. Chini yake ameongeza ubao mwembamba, na yule mwanafunzi ameandika kwa mkono wake matokeo yote 12, pamoja na yale 2 ya Songo. Hakuna lililoachwa. Kijana aliomba 5-0 ziandikwe kwa wino mwekundu, mama wa Nkana akakataa, zimeandikwa kwa wino mmoja na mengine.

Ipo hapa mezani, imefungwa kwenye khanga. Mzee ameomba yeye ndiye apige msumari kama mtakubali, na nyundo amekuja nayo kutoka nyumbani.

Wanaoafiki wanyooshe mikono. Katibu ahesabu, kisha mweka hazina aje na mahesabu yake.

Mwenyekiti wa Tawi