Umeniuliza kama hatuchokani

Somo yangu mpenzi,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Mimi mzima, ila sauti imekauka. Sababu utaiona mbele. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikitembea, ya pili nimekaa. Pale uliposema kwamba wiki ya tatu sasa jina lako linatajwa na skrini ya mlango wa maktaba peke yake, nilicheka, kisha kicheko kikanikatika. Halafu ukaniuliza: "Ninyi wachache hivyo, sura zilezile asubuhi mpaka usiku. Hamchokani?"

Tunachokana, somo. Tena sana.

Chuoni kwetu tuko wanafunzi 212, pamoja na wanaorudia mwaka. Siku moja mhadhiri wa hisabati alitupigia hesabu ubaoni: watu 212 wakipangwa wawili wawili kwa kila namna, jozi zinazopatikana ni 22,366. Akajipangusa chaki, akatutazama, akasema, "Na kila jozi ina maneno yake." Darasa zima likageukia upande mmoja, maana wiki ile kulikuwa na jozi moja iliyokuwa na maneno kuliko zote, na mimi nilikuwa nusu yake.

Nikusimulie, kwa sababu jibu la swali lako limo humo.

Unakumbuka nilikwambia nimepewa gazeti la ukutani? Kupewa ni neno la heshima. Mhariri aliyekuwepo alimaliza masomo, ukaitwa mkutano, wakafika watatu, nami nikaingia nimechelewa nikiwa wa nne. Wakanitazama wote kwa pamoja. Basi. Gazeti lenyewe ni karatasi nne kubwa zinazobandikwa nje ya ukumbi kila Jumatatu. Katika toleo langu la tatu nilikuwa na shairi la mwenzangu wa chumba. Tumwite Mshairi, ndivyo anavyoitwa na chuo kizima. Beti sita, vina mahali pake, mizani nane kwa nane bila kuyumba. Karatasi ikaniishia kwenye ubeti wa tano. Ilikuwa saa nne usiku, gundi imeshaanza kukauka, nikajiambia kwamba ubeti wa sita unarudia tu yaliyokwisha kusemwa. Nikaukata. Sikumuuliza, na alikuwa amelala hatua tatu kutoka nilipokaa.

Asubuhi nilimwona amesimama mbele ya ubao. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Kidole kikafika mwisho wa ubeti wa tano, kikashuka kwenye karatasi tupu, kikakaa pale. Hakusema neno. Akaenda zake darasani.

Mchana habari ilishafika jikoni. Jioni ilikuwa na sura tatu: kwamba nimekata ubeti kwa wivu, kwamba nimekata beti mbili, kwamba shairi ni langu tangu mwanzo na yeye ndiye aliyeliiba. Siku ya nne mlinzi wa getini, mzee wa watu, aliniuliza huku anavuta komeo, "Binti, hamjapatana tu?"

Sasa fikiria, huko kwenu kwenye chuo kikubwa ningefanyaje? Ningehama kiti. Ukumbi wa watu mia nne una nafasi ya kutosha kwa kila ugomvi. Ningekaa upande wa madirisha, yeye upande wa mlango, mwezi ungepita, na siku ya mahafali tungetabasamiana kama watu waliowahi kujuana. Hapa nihamie wapi? Darasa letu la fasihi lina watu tisa na meza moja. Vitanda vyetu vimetenganishwa na kabati. Mabomba ya kunawia ni manne, na mawili hayatoi maji.

Tena kuna mpira wa wavu. Timu inataka watu sita uwanjani, na sisi wasichana tunaocheza tuko saba, wa saba ana goti bovu. Mshairi ndiye anayeinua mpira, mimi ndiye ninayepiga. Kwa siku kumi na moja hakunisemesha hata salamu. Na kwa siku hizo kumi na moja, kila mazoezi, mpira uliotoka vidoleni mwake ulinifikia pale pale ninapoutaka: karibu na wavu, hauzunguki, umetulia hewani kama unanisubiri. Uso ulikuwa umenuna, mikono haikununa.

Nadhani hapo ndipo aibu iliponishika sawasawa. Umbea nilishauzoea, lakini mpira ule ulikuwa unanisuta. Jumatatu iliyofuata nilikata kipande cha karatasi, nikaunakili ubeti wa sita kwa mkono wangu, nikaubandika chini ya shairi, nikaandika pembeni, "Mhariri alikosea." Kisha nikabaki pale nikijifanya natafuta pini. Akaja. Kidole tena, mstari kwa mstari, midomo ikihesabu. Akasema, "Mstari wa tatu umezidi mizani moja. Hata kunakili hujui?" Akachomoa kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio, akalikata neno, akarekebisha. Nilitamani kumkumbatia kwa ajili ya ile mizani moja.

Kwa hiyo mkuu wa chuo anapotuita "familia moja", na hulisema katika kila hafla, mimi huguna. Hatusameheani kwa wema. Tunasameheana kwa kukosa pa kuhamia.

Lakini lipo jambo la pili, na hili nilichelewa kulielewa. Mhadhiri wetu wa saikolojia (yuko mmoja, akiugua na saikolojia inaugua) alituletea utafiti wa Wamarekani wawili, Roger Barker na Paul Gump, uliochapishwa 1964. Walilinganisha shule kubwa na ndogo za sekondari huko Kansas. Kubwa zilikuwa na shughuli za aina nyingi zaidi, kama unavyotarajia. Ila mwanafunzi wa shule ndogo ndiye aliyejikuta ameshika kazi yenyewe: kucheza, kuigiza, kupanga, kuongoza. Katika shule kubwa wengi walikaa wakatazama. Kisa chake ni chepesi: timu ni timu popote, inataka idadi yake ya watu, na penye watu wachache kila mtu anavutwa mkono, hata asiyefaa. Kilichonigusa zaidi ni habari za wanafunzi wa pembeni, wale wasio hodari darasani. Shuleni kubwa walihisi hawahusiki; shuleni ndogo walihisi wanahitajika karibu sawa na wenzao.

Mimi ndiye yule asiyefaa, somo. Unaijua sauti yangu. Wewe mwenyewe shahidi, sekondari niliambiwa kwenye kwaya nifungue mdomo tu nisitoe kitu. Hapa kwaya ina watu kumi na moja, na sauti ya pili ina wawili. Mmoja amepata homa wiki hii. Ndiyo maana nimekaukiwa. Siimbi vizuri, nisikudanganye, lakini nisipoimba panabaki tundu ambalo kila mtu analisikia. Kwenye igizo la muhula uliopita nilikuwa mama wa bibi harusi na pia hakimu, na katikati ya onyesho la tatu ilibidi mama atoke alie nje ili hakimu apate muda wa kuvaa joho. Watazamaji walijua. Walipiga makofi wakati wa kuvaa.

Kuna kipindi sikukuandikia, mwezi wa pili. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mzito tu, asubuhi mbili nikajifunika shuka gubigubi. Mtu wa kwanza aligonga akauliza hali, nikasema nzuri, akaenda. Wa pili aliniletea maandishi ya mhadhara niliokosa. Nikashukuru, nikajifunika tena. Wa tatu akagonga kwa hasira: kabati la magazeti ya zamani maktabani limefungwa, ufunguo ninao mimi, na yeye ana kazi ya kukusanya saa nane. Niliinuka nikamfungulia. Nilipofika kule nikakuta na mwingine anasubiri. Nikakaa. Siku ya tatu sikujifunika. Wale wawili wa kwanza walinionea huruma, Mungu awalipe, lakini kilichonitoa kitandani ni ufunguo.

Sasa usije ukadhani nakupigia debe uhame. Udogo una karaha zake na sitaki kuzipaka rangi. Kozi ni chache. Mwalimu mmoja akiondoka, somo zima linakufa, na wale watatu waliokuwa wanalisoma wanaambiwa wachague jingine. Vitabu ndiyo usiseme. Kuachana na mchumba hapa ni msiba wa chuo kizima, na anayefuata huwa ni rafiki wa yule wa kwanza, hakuna ujanja. Halafu tunafikiri mamoja. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kwamba watu wengi aliowahoji walipata habari za kazi kupitia watu wanaofahamiana nao kijuujuu, wa kuonana mara mojamoja, kuliko kupitia marafiki wa karibu. Na ni kweli ukifikiri: rafiki wa karibu anajua unachokijua. Sisi tukipata tangazo la nafasi ya kazi, kabla ya jua kuzama tumelijua 212, na wote tumeomba. Wewe hapo ulipo umezungukwa na watu wanaojua usiyoyajua, ila hujawasalimu.

Na hapo nina neno lako. Umejilaumu sana katika barua kwamba huna mvuto, kwamba umesahau namna ya kuzoeana na watu. Unaishi ghorofa ya sita, chumba cha mwisho, mkono wa kushoto ukuta mtupu. Laumu korido kwanza. Mwaka 1950 ulichapishwa utafiti wa watu watatu, Leon Festinger na wenzake, waliochunguza nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani. Majirani wa mlango kwa mlango walitajwa kuwa marafiki kwa asilimia 41. Waliokaa ncha mbili za korido ileile, asilimia 10 tu. Ile ni korido fupi, nyumba tano! Na waliokaa karibu na ngazi walijuana na watu wa ghorofa ya pili kuliko wengine, kwa kuwa watu wa juu lazima wapite mlangoni mwao. Chumba chetu sisi kiko chini kabisa ya ngazi. Mwaka wa kwanza nililalamika kwa kelele za viatu mpaka mlezi akanikimbia. Sasa nawatambua watu kwa nyayo kabla hawajabisha. Ukitangazwa uhamisho wa vyumba, omba cha karibu na ngazi, hata kama kina kelele. Na mpaka wakati huo, uwe unasomea mahali pamoja, kiti kilekile, saa ileile. Kujulikana huanza kwa kuonwa.

Hata hivyo 212 si wachache kama unavyodhani. Huko California kuna chuo kinaitwa Deep Springs, kilichoanzishwa 1917 kwenye bonde la jangwani, ambacho wanafunzi wake wote hawazidi thelathini hivi. Wanalisha ng'ombe, wanapika, na wanakaa kwenye kamati zinazochagua wanafunzi wapya na walimu. Nilipowasomea wenzangu habari hiyo mezani, mmoja akauliza, "Wakigombana wawili, mpira wanacheza na nani?" Macho yote yakaja kwetu. Mshairi akacheka kwanza, nami nikapata ruhusa ya kucheka.

Nimalize, kengele ya kufunga maktaba naipiga mimi na zimebaki dakika kumi. Nina ombi. Kitabu cha takwimu tunacho kimoja, na kwenye orodha ya kukiazima mimi ni wa saba. Huko kwenu najua vimejaa rafu. Nitafutie sura ya 4, uipige picha ukurasa kwa ukurasa, unitumie kabla ya Jumatatu. Utahitaji mtu wa kukushikia kitabu kisijifunge. Mwombe aliyekaa meza ya jirani, na akishamaliza kukushikia, muulize anaitwa nani. Nitataka kulisikia hilo jina kwenye barua yako.

Wako akupendaye,
Somo yako

Nyongeza: Mshairi amesoma barua hii juu ya bega langu. Anasema imezidi urefu, na ameondoa ukurasa mzima uliokuwa baada ya habari za kwaya. Hakuniomba ruhusa.