Klabu za miji ya sukari zikabidhiwe mashabiki wake

Mhariri,

Tangu serikali ilipovikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na SoNy (South Nyanza), kwa wawekezaji wa kibinafsi mwaka 2025 kwa kipindi cha miaka 30, mjadala umekuwa juu ya madeni ya wakulima, malimbikizo ya mishahara ya wafanyakazi na hatima ya mashamba ya viwanda. Hayo ni mambo mazito na yanastahili kutangulia. Hata hivyo, sisi tunaoishi katika miji hii tuna jambo jingine ambalo tusipolisema sasa litapotea kimyakimya: timu za kandanda zilizokuwa zikilelewa na viwanda hivyo. Ombi langu ni kwamba klabu hizi zitenganishwe na viwanda na zikabidhiwe wanachama waliosajiliwa, kabla ya kilichobaki nacho kuisha.

Msomaji aliye mbali huenda hajui soka la ukanda huu lilikuwa limefika wapi. Mwaka 2006 SoNy Sugar ya Awendo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, ikaziacha nyuma klabu kubwa za Nairobi. Haikuchukua hata miaka 15 kabla ya timu hiyohiyo kutimuliwa ligini, mnamo Novemba 2019, kwa kukosa kufika uwanjani katika mechi tatu, na msimu ule ukaendelea na timu 17 badala ya 18. Chemelil Sugar iliteremka mwaka 2020, msimu ulipokatizwa kwa sababu ya korona ikiwa inashika mkia. Muhoroni Youth ilikuwa imekwisha kushuka mwaka 2017, na Nzoia Sugar ya Bungoma ikafuata mwaka 2024. Klabu hizo nne, ambazo kila moja iliwahi kucheza katika Ligi Kuu, zote zilikuwa zimetoka humo kufikia mwaka 2024.

Chanzo chake si kigumu kukieleza. Katika mpango wa zamani kiwanda ndicho kilichokuwa kila kitu: mlipaji wa mishahara, mwenye basi, mwenye uwanja, na mara nyingi mwenye nyumba walizolala wachezaji. Mpango huo ulifaa miaka ambayo mitambo ilisaga usiku na mchana. Miwa ilipopungua, mitambo ikakaa bila kufanyiwa ukarabati na wakulima wakaanza kungoja malipo yao kwa miezi, fungu la michezo lilikuwa la kwanza kukatwa. Mimi siwalaumu waliolikata, kwa kuwa mkulima ambaye karo ya mwanawe imekwama ofisini hawezi kuombwa ashangilie marupurupu ya mshambulizi. Ila matokeo yake ni kwamba klabu ilikufa kwa maradhi yasiyokuwa yake, na waliokuwa wakijaa uwanjani hawakuwa na pa kuketi kuamua lolote, maana kwa mujibu wa karatasi hawakuwa chochote katika klabu hiyo.

Ni hapo penye kiini cha tatizo. Waliohudhuria mechi Chemelil au katika uwanja wa Green, Awendo, Gor Mahia, klabu ya Nairobi inayopendwa sana na Waluo, ilipozuru, wanajua ilivyokuwa. Kuanzia asubuhi matatu na pikipiki zilimiminika kutoka Kisumu, Ahero, Migori na Rongo, matawi ya miti yakiwa yamefungwa mbele, na saa tisa ilipofika jukwaa zima lilikuwa la kijani kibichi. Timu ya nyumbani ilicheza mbele ya watu wake kama mgeni. Wapo waliotoka zamu ya kiwandani wakapitia nyumbani kubadili sare, wakarudi uwanjani kushangilia timu iliyokuja kuifunga timu ya mwajiri wao. Kule Bungoma mambo yalikuwa hivyohivyo AFC Leopards, au Ingwe, ilipokanyaga uwanja wa Sudi, ngoma za isukuti za Waluhya zikilia upande wa wageni. Watu wengi wamelieleza jambo hili kwa kabila pekee, nami nadhani maelezo hayo hayatoshi. Gor Mahia na Ingwe zina wanachama, zina matawi, zina uchaguzi ambao watu huugombania hadi mahakamani. Shabiki wa Chemelil anaweza kulipia kadi yao na kudai kusikilizwa. Timu ya mtaani kwake ilikuwa ya kampuni. Hakuna aliyewahi kumwuliza shabiki huyo kocha awe nani, jezi iwe ya rangi gani, wala fedha zilikwenda wapi.

Tuitazame Shabana ya Kisii, jirani yetu. Klabu hiyo ilianza mwaka 1980 ikibeba jina la duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nayo ilizaliwa mikononi mwa mfanyabiashara. Iliteremshwa kutoka Ligi Kuu mwaka uleule wa 2006 ambao SoNy ilikuwa bingwa. Ikazunguka katika ligi za chini kwa miaka 17, mara ikikosa hiki, mara ikikosa kile, ikabadilisha viongozi na wafadhili, lakini watu wake hawakuacha kuiita yao. Iliporejea mwaka 2023, uwanja wa Gusii ulifurika, na timu hiyo inapocheza ugenini wageni mara nyingi huwazidi wenyeji kwa idadi na kwa sauti. Sisemi kwamba Shabana imemaliza shida zake. Ninachosema ni kwamba iliweza kuanguka bila kufa, na SoNy, iliyokuwa na kombe kabatini, basi na mishahara ya kila mwezi, haikuweza.

Najua nitajibiwa kwamba klabu za wanachama nazo zina aibu zake, na jibu hilo lina uzito. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa mwaka 2019 kwa sababu ya mzozo wa ushuru na serikali, Gor Mahia na AFC Leopards zote mbili ziliyumba vibaya, wachezaji wakakaa bila mishahara na wengine wakaondoka. Wapo viongozi waliochaguliwa wanaoishika klabu kama mali ya nyumbani kwao. Uanachama hautatui ulaji wala uzembe. Lakini kiongozi aliyechaguliwa anaweza kuondolewa, na klabu inayomtegemea mfadhili kwa sehemu moja ya mahitaji yake hubaki na sehemu nyingine wakati mfadhili ameondoka. AFC Leopards iliondoka katika ligi ya juu mwongo wa 2000 ikarudi mwaka 2009, kwa sababu walikuwapo watu walioamini kwamba kazi ya kuirudisha ilikuwa yao.

Kuhusu fedha, tusidanganyane. Ninalifahamu kundi la mashabiki wa klabu moja ya ukanda huu ambao kwa msimu mzima waliisafirisha timu kwa michango yao. Mweka hazina wao, mama anayeuza omena sokoni, alikuwa na daftari la kurasa 96 alilolipiga mistari kwa rula: jina, kiasi, tarehe, na safu ya mwisho ya sahihi. Wengi walitoa shilingi 50, wachache 200, na mwendesha pikipiki mmoja alikuwa akiandikiwa “kubeba mipira” badala ya pesa. Chini ya kila ukurasa palikuwa na hesabu ya mafuta ya gari, maji na ada ya waamuzi, na salio likihamishiwa ukurasa uliofuata. Viongozi wa klabu hawakuwahi kuomba kuliona daftari hilo. Kwangu mimi hilo ndilo sajili la kweli la wenye klabu, na kazi iliyobaki ni kulipatia nguvu ya sheria.

Watu 1,000 wakitoa shilingi 100 kwa mwezi, zinapatikana shilingi 100,000. Kiasi hicho hakiwezi kulipa mishahara ya kikosi cha Ligi Kuu, na atakayewaahidi watu hivyo anawahadaa. Kinatosha, hata hivyo, kuifanya timu ya daraja la chini ifike uwanjani kila wikendi, na kukosa kufika uwanjani ndiko kulikoiangamiza SoNy. Isitoshe, mdhamini yeyote mwenye akili huuliza kwanza ni watu wangapi wanaoifuata timu na hesabu zake zikoje. Klabu yenye sajili la wanachama na taarifa ya benki ina la kumwonyesha.

Kuna mapato mengine ambayo tumekuwa tukiyaacha yapite kwa kukosa karatasi tu. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kwa ada kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, hadi asilimia 5 ya ada hiyo igawiwe klabu zilizomlea tangu mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi 23, kila moja kulingana na muda aliokaa kwake. Ili kudai fungu hilo ni lazima klabu iwe hai, iwe imemsajili kijana huyo rasmi katika Shirikisho la Soka Kenya, na iweze kuthibitisha. Ukanda huu umejaa vijana waliokulia katika viwanja vya viwanda. Ikiwa klabu iliyowalea imefutika, hakuna atakayekuja kutudaia chochote.

Sheria ya kufanya ninayoyaomba tunayo. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka ofisi ya Msajili wa Michezo na inataka mashirika ya michezo yasajiliwe, yawe na katiba na yafanye uchaguzi. Katiba ya 2010 nayo imezipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake. Kwa hiyo serikali za kaunti za Kisumu, Migori na Bungoma haziombwi hisani zinapotakiwa kuingilia kati, na wala sizitaki zichukue nafasi ya kiwanda kwa kuifanya klabu kuwa ya gavana, kwa kuwa gavana ana mihula miwili tu na anayekuja huja na timu yake.

Ninachoomba ni kaunti hizo ziitishe mkutano wa hadhara katika kila mmoja wa miji hii, kiwanda na mwekezaji wake mpya wakiwapo, wachezaji wa zamani na mashabiki wakiwapo, ili itamkwe wazi ni nani mwenye jina la klabu, madeni yake kwa wachezaji ni kiasi gani na nani atayalipa. Uwanja ndio wa kulindwa kwa haraka zaidi. Uamuzi wa ardhi ya kiwanda ukishafanyika bila ya kuutaja, itakuwa vigumu kuurudisha, na timu isiyo na uwanja hulazimika kucheza mechi za nyumbani mbali na watu wake. Wawekezaji wanaweza kutia sahihi mkataba wa kuuacha utumiwe na klabu pamoja na shule za jirani kwa muda wote wa ukodishaji, jambo lisilowagharimu hata trela moja ya miwa. Wakitaka kuwa wadhamini, wakaribishwe kwa mkataba ulioandikwa, wenye muda unaojulikana na notisi ya kutosha kabla ya kujiondoa.

Hayo yafanyike kabla ya usajili wa wachezaji wa msimu ujao kufungwa, ili kamati za wanachama ziwe na muda wa kuingiza timu katika ligi ya daraja lolote litakalopatikana, hata likiwa la kaunti.

Mpenzi wa soka,
Muhoroni, Kaunti ya Kisumu